Jicho Kubwa la Naziha

Hapa mjini Mahdia ukimtafuta Naziha, uliza tu mama wa picha. Harusi za wanawake mtaani kwetu kapiga yeye karibu zote, maana siku tukifungua nywele mwanamume haingii. Mimi hupaka bibi harusi hina, yeye humpiga picha, na ndivyo tulivyozeeka pamoja.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Kilianza kikombe cha chai, ikafuata kamera. Hakusema, nami sikusema, nikawa namwombea kila nikimaliza kuswali. Lakini watu wana macho. Kule hamamuni, tunakooga wanawake, nilimsikia mmoja akisema, "Naziha kwisha. Sasa alee wajukuu."

Rim, mpwa wake, akamletea kamera mpya kutoka mji wa Sfaksi, ina lenzi yenye kifaa ndani cha kutuliza mtikisiko.

"Shangazi, hata ukipiga ukiwa juu ya punda, picha itatulia."

"Punda wewe, uliyenibebesha jiwe zito namna hii!"

Lakini alilipiga picha birika jikoni, gizagiza vile, mkono unatetemeka, na birika likatoka limetulia tuli. Nilimwona akigeuka kufuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Ikaja harusi ya Widadi. Mama yake, Munira, alifariki mtoto angali mdogo, na ukutani kwao ipo picha yake ya siku ya kuzunguka, bibi harusi anapojizungusha kigodani wanawake wamtazame: yuko juu ya kigoda, nguo nzito za nyuzi za dhahabu, macho kafumba, viganja kavinyanyua watu waone hina. Aliipiga Naziha, kwa ile lenzi yake ya zamani tunayoiita Jicho Kubwa, kwa sababu kioo chake ni kipana kama kisahani. Uso wa Munira kwenye picha ile unang'aa. Viganja ni ukungu. Hina ile alipaka marehemu mama yangu, naye alimnunia Naziha mpaka alipokwenda kwa Mola wake.

Widadi aliomba jambo moja tu. "Mama Naziha, nataka kama ile. Niitundike pembeni ya mama."

Siku yenyewe, alasiri, madirisha yote yakafungwa, watu walio juu ya mapaa wasituchungulie. Bibi Khaduja, nyanya yake Widadi, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho, na fleshi akaipiga marufuku.

"Ukiniwashia hiyo radi yako, kamera naivunjia kichwani mwako!"

Naziha akaanza na wazee waliokaa kwenye mito, kwa ile lenzi mpya. Picha zikatoka safi, kila kunyanzi mahali pake.

"Toba!" Bibi Khaduja akasema. "Hata meno niliyong'oa yanaonekana."

Ngoma zikalia, vigelegele vikapanda. Widadi akapandishwa kigodani, akafumba macho, akaanza kuzunguka polepole. Mizunguko ni saba, na bibi harusi akishashuka hapandi tena. Mzunguko wa pili nikachungulia kioo cha kamera. Ukuta umetulia, mito imetulia, miguu ya kigoda imetulia. Widadi moshi mtupu.

"Mbona hivi?"

"Kifaa hiki kinanituliza mimi," Naziha akanong'ona. "Kule kwa mtoto hakifiki. Chumba kiza, kamera inakaa wazi ikingoja mwanga, na yeye anazidi kuzunguka."

"Mwambie asimame kidogo."

"Bibi harusi asimame? Unataka wapiga ngoma watutoe nje?"

Akalitoa Jicho Kubwa mkobani. Mikono ilimtetemeka hata lenzi ikakataa kushika. Nikaikamata kamera kwa mikono yangu miwili. "Bismillahi. Zungusha." Ikalia ta. Mizunguko minne ilikuwa imekwisha.

"Hii nayo haina kitulizo," nikamwambia.

"Inakunywa mwanga mwingi, inafumba upesi, mkono wangu haupati nafasi ya kuiharibu. Ila inaona sawasawa pembamba tu, kama unene wa kidole. Nikishika viganja, uso unapotea."

Viganja vile nilivipaka kutwa nzima, mgongo ukinikatika.

"Shika uso," nikasema.

Akaegemeza kiwiko begani kwangu. Mzunguko wa tano akakosa. Wa sita mpiga ngoma akampita mbele, tukamlaani kimoyomoyo, Mungu atusamehe. Wa saba uso ulipoelekea kwetu, nikabana pumzi kwa ajili yetu sote wawili. Kacha, kacha, kacha.

Tulizitazama baadaye chumba cha pembeni, vipande vya makrudhi, vile vitamu vya tende, mkononi. Ya kwanza mbovu, ya pili mbovu. Ya tatu ni Widadi, kope moja moja, na chozi kwenye pua. Bibi Khaduja akaishusha ukutani ile ya Munira, akaiweka kando ya kamera. Kisha macho yangu yakashuka kwenye viganja: ukungu huku, ukungu kule. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Mama yangu kakununia bure miaka yote!"

"Nilimweleza, hakutaka kusikia," Naziha akasema. "Viganja kila mtu anavyo, dada. Uso ule alikuwa nao Munira peke yake."

Widadi akaushika ule mkono unaotetemeka, akaubusu.

Siku hizi Naziha anabeba lenzi zote mbili, ya wanaokaa na ya wanaozunguka. Akiitwa harusini, ananiuliza kwanza kama na mimi nitakuwepo. Hina naimaliza mapema, halafu nasimama karibu naye, bega lipo.