Daluga za Dorin

Juzi, nikisubiri taa za robot ziwe kijani pale Jules Street, niliona viatu vya kuchezea mpira vikining'inia kwenye waya wa simu, nikasikia tena harufu ya dawa ya kuchulia misuli.

Nilipokuwa mtoto, Dorin, beki kutoka Romania, alipanga chumba nyuma ya duka la ushonaji la baba, hapo hapo mtaani kwetu Malvern. Alicheza kwao tangu utotoni, kisha Uturuki, kisha akaja Johannesburg, akaumia goti vibaya kwenye mechi yake ya tatu. Alasiri moja baba alimwambia mteja, cherehani ikinguruma, "Dorin ametundika daluga."

"Eish, masikini," mteja akajibu.

Sikujua bado kwamba mtu hutundika daluga kwa maneno tu, yaani ameacha soka. Nilikwenda kutazama, na kweli zilikuwa zinaning'inia kwenye nondo za dirisha lake, zina udongo mkavu. Dorin alikuwa amekaa kitandani, goti limefungwa bendeji inayonuka dawa ile ya kuchulia. Nilipanda juu ya ndoo, nikazitundua, nikazifuta kwa gauni langu la shule.

"Anko, nimezitundua," nilimwambia kwa Kiingereza. "Sasa utacheza."

Alizipokea. Kiatu cha kwanza alivaa mwenyewe. Cha pili nilimvisha mimi, maana goti halikukunjika, nikafunga kamba kwa mafundo mawili. Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani anasali, kama wachezaji wanavyosali kabla ya mechi.

Baba aliingia, akamwona, akasimama mlangoni.

"Nani amemvisha?" aliuliza polepole.

Nikainua mkono, nikisubiri kusifiwa.