Viganja Vyenye Chokaa

Msanifu majengo yule hashiki penseli kabla hajapapasa. Jengo la posta ya zamani, lililokuwa ligeuzwe mgahawa, alilipapasa siku tatu, viganja vyeupe kwa chokaa, akilisemesha kama mgonjwa: "Pole, bibi. Hapa panauma?" Mwenye mgahawa alishaanza kujuta. Kisha seremala akataka kuiranda kaunta, iliyobonyezwa na viwiko vya waliosubiri barua miaka nenda miaka rudi. Msanifu akajilaza juu yake kifudifudi. "Nirande mimi kwanza!"

Siku ya ufunguzi watu walifurika hadi barazani. Mzee mmoja akaagiza chai, na kiwiko chake, bila kuonyeshwa, kikaenda kutulia kwenye ule mbonyeo. Mwenye mgahawa akatoka mbio kumwita msanifu aje aone. Akamkuta nje, viganja ukutani kwenye gofu la jirani.

"Pole, bibi."