Katibu wa Umoja wa Kwaya za Mangobo

Katibu wa umoja wa kwaya za Mangobo alikuwa haimbi. Kazi yake ilikuwa kupanga mabenchi, kuyafuta kwa kiganja, kisha kusimama mlangoni akichezea kifungo cha koti, macho barabarani. Mwaka ule wa 1959, mjini Stanleyville, Kongo ya Wabelgiji, watu waliweza kukamatwa kwa kukusanyika tu. Adèle, aliyeimba sauti ya pili, alizoea kumsikia akinong'ona: "Bon, polepole, ba mama. Sauti isifike mbali."

Jumapili moja wakaingia polisi wawili.

"Mukutano gani hii?"

"Hapana mukutano, chef. Iko kwaya tu," katibu alijibu.

"Basi, muimbe."

Waimbaji wakatazamana. Adèle alifungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Ndipo katibu akaanza yeye, peke yake, kwa sauti nene yenye kutetemeka, huku ameshika benchi mpaka vidole vikapauka. Adèle akaipokea sauti ile, na wengine wakafuata. Polisi walisikiliza ubeti mmoja, wakaondoka.

"Papa katibu, bamekwenda," Adèle alimnong'oneza.

Katibu akatikisa kichwa. "Tukinyamaza sasa, batarudi," alisema, akaanza ubeti wa pili, jasho likimdondoka kidevuni.