Twiga Aliyelowa

Kwenye kalenda ya ofisini kwetu hapa Dodoma kuna picha ya twiga mwekundu, mmoja wa wale waliochorwa na watu wa kale kwenye majabali ya Kolo. Anang'aa kama amelowa.

Nilipanda kule na bibi yangu msimu ambao mvua ilichelewa. Jabali limeinama kama paa la baraza. Bibi alipiga funda la pombe ya mtama kutoka kwenye kibuyu, akaipulizia michoro, kisha akaomba mvua kwa sauti ya chini. Jiwe lililopata moto wa jua likanuka uchachu.

Mara akafika mtalii, mama wa Kizungu. Alimwelekezea kamera twiga wa pembeni, lakini twiga alikuwa amefifia. Nikajiona mjanja. Nikajaza pombe mdomoni, nikampulizia twiga, na wekundu wote ukajitokeza. Mgeni akapiga makofi, akafyatua kamera.

Nikamgeukia bibi nikisubiri sifa.

"Umeomba nini?" akaniuliza.

"Sijaomba kitu, bibi."

Akakiziba kibuyu kwa gunzi. "Basi umemtemea mate."