Mpira wa Chini wa Rejeta

Siku yangu ya kwanza karakanani, Mkuu wa Karakana hakunishikisha spana. Alinisimamisha mbele ya pikapu iliyochemsha, akaniuliza kosa ni la nani. Nikasema sijui. "Basi weka hili kichwani," akaniambia. "Gari halidanganyi. Dereva ndiye hudanganya. Muulize kwanza kama alitia maji." Nililimeza neno lile kama dawa, na limenigharimu kuliko kosa lolote la mikono yangu.

Shirika letu lilikuwa na magari ya kushusha kahawa na maziwa kutoka milimani hadi Moshi mjini. Yalikuwa makuukuu hata wakati ule. Ninyi vijana mnachomeka mashine na kusoma namba. Sisi tulikuwa na vidole, pua na masikio. Gari likichemsha tulianza na rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza maji, tukakagua mkanda wa feni, tukaitia themostati, kile kilango cha kupitisha maji, kwenye sufuria ya maji ya moto tuone kama inafunguka. Tukishindwa ndipo tuvue silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na hapo mwenye gari aanze kusali.

Aminieli alikuwa dereva wa njia ya Marangu, mpole, mtu wa kulisalimia gari lake kabla ya kutusalimia sisi. Pikapu yake ikaanza kuchemsha mlimani. Kila ikiletwa karakanani nafungua rejeta nakuta maji hamna; nikijaza na kuiwasha inanguruma taratibu, geji ya joto imetulia katikati. Nikaona basi maji hayakutiwa.

"Nilitia, fundi," alisema. "Nilijaza mpaka juu pale Himo."

"Sasa yamekwenda wapi?"

"Aisee, mimi sijui. Linachemsha likipanda tu. Twende wote ukaone."

Sikwenda. Nilijiona najua. Siku moja injini ikaungua kabisa na hedi ikapinda, Msimamizi wa Magari akataka ripoti. Niliandika kwamba dereva aliendesha bila maji. Aminieli akaachishwa kazi, ana watoto wanne, wawili wako sekondari.

Nikafunga hedi nyingine. Dereva mpya naye akachemsha kwenye kilima kile kile. Hapo ndipo nilipofungua boneti nikamwambia akanyage mafuta kwa nguvu, gari limesimama. Mpira wa chini wa rejeta, ule unaopeleka maji kwenye pampu, ukanywea mbele ya macho yangu ukawa bapa kama mkanda wa suruali. Alipoachia mafuta ukarudi mviringo, hungejua kitu. Pampu ikizunguka kasi huvuta sana, kwa hiyo ndani ya mpira ule huwekwa springi ya waya ili usijifinye. Ukijifinya maji hayapiti, yanachemka na kumwagika yote njiani. Springi haikuwamo. Niliitoa mwenyewe miezi kadhaa nyuma nilipobadilisha mpira, imeshika kutu, nikaitupa nikidhani takataka.

Kosa langu la pili ni baya zaidi. Nilitia springi mpya nikanyamaza. Pikapu ikapanda mlima mwezi mzima bila kuchemsha, na karakana nzima ikasema, "Si mmeona? Alikuwa ni Aminieli." Kwa kulitengeneza gari kimyakimya nilikuwa nimemhukumu mara ya pili. Niliona aibu mpaka chakula kikanishinda.

Nikamwendea Mkuu wa Karakana, nikamweleza, nikasema nataka kuandika ripoti mpya. "Ukiandika hivyo unajiandikia mwenyewe," akasema. Nikaandika. Nilishushwa cheo na kupelekwa kituo chetu cha Holili, mpakani, na ofisi ikamwita Aminieli arudi.

Kabla ya kuhama nilipanda kwake na isale, lile jani ambalo kwetu Wachagga mkosaji humpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Nilimkuta kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Nikamwambia yote, hata habari ya mwezi ule wa kunyamaza. Akalipokea lile jani.

"Isale halikataliwi," akasema. "Unajua hivyo, ndiyo maana umekuja nalo. Nimekusamehe. Ila kazini sirudi. Huku kwetu wameshaambiana kwamba niliunguza gari la watu. Utawafikia wote wewe?"

Nilishuka mlima na swali lile.

Nilikaa Holili miaka mingi, nikarudishiwa cheo, nikastaafu. Sasa naishi Soweto, mtaa wa hapa Moshi, na mafundi vijana hunipigia simu wakishindwa. "Shikamoo mzee, kuna gari linachemsha hapa." Nawaambia watazame mpira wa chini huku mwenzao anakanyaga mafuta. Ila kwanza wapande na dereva hadi pale anaposema linachemshia, wakae pembeni yake, wamsikilize. Wengine wanacheka. Wanasema mzee anapenda safari.

Mwaka huu Aminieli amefariki. Msibani, kabla ya maziko, mwanawe mkubwa alinifuata na karatasi ya historia ya marehemu. "Baba mdogo," akasema, "baba aliacha neno. Sehemu ya kazi usome wewe."

Nikasimama mbele ya majirani zake wote. Ilikuwa mistari miwili, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Alikuwa dereva. Maji alitia."

Nikaisoma. Kisha nikairudia kwa sauti kubwa, ili na wale waliokaa nyuma kule migombani wasikie.