Utando Chini ya Godoro

Kabla sijaiona mashine, niliisikia nikiwa bado koridoni: tik, kimya, tik. Nikadhani paa linavuja. Kumbe ilikuwa pumzi ya Papa, baba yetu.

Kaka yangu, mwalimu wa fizikia hapa Bunia, alikuwa ametandaza chini ya godoro la Papa utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukiupinda au kuukandamiza, hutoa umeme kidogo wenyewe. Kifua cha Papa kilipopanda, utando ulijipinda, na kisanduku cha ukutani, kilichounganishwa nao kwa nyaya, kikalia. Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alituonya kwamba pumzi inaweza kukatika usingizini. Kisanduku kikinyamaza, tukimbie, tumwinue, tumwamshe.

"Yaya, ulifunga Papa ku saa," nilimtania kaka yangu mkubwa.

"Saa inatembea hata kama mutu amekufa," akajibu. "Hii itanyamaza."

Tuliamini. Mama hakukaa tena kando ya kitanda; alipika akisikiliza. Sote tukaanza kumwangalia Papa kwa masikio.

Jumapili baada ya ibada wakaja wamama wa kundi la maombi. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali. Watatu walikaa kitandani, miguuni pake, wakaimba wamefumba macho, wakiyumba.

Tik, tik, tik.

"Sikia," Mama aliniambia jikoni, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Papa atoke hospitali. "Maombi iko inamupa nguvu."

Nikaendelea kumenya ndizi. Sikujiuliza kwa nini pumzi ya mzee mgonjwa ilikuwa inafuata wimbo.

Wimbo ukaisha. Kisanduku kikalia mara mbili zaidi. Mmoja wao alikuwa akijifunga kitenge vizuri. Kisha wakainuka wote watatu.

Kimya.

Tulikimbia. Mkono wa Papa ulikuwa umeshapoa.

Kaka alipofika alitazama shuka, mabonde matatu yaliyoachwa na waliokaa.

"Haijue nani iko anaisukuma," alisema polepole. "Inajua tu inasukumwa. Sikuwaambia."

Akauchomoa utando chini ya Papa na kuukunja, na kwa kila mkunjo kisanduku kikalia, tik, tik, kana kwamba kuna mtu mle chumbani anaanza kupata nafuu.

"Toa hiyo kitu mu nyumba yangu," Mama akasema.

Kaka aliubeba kifuani pamoja na kisanduku na nyaya zake. Hata kwenye baraza tuliusikia ukimpumulia, tik, kila kifua chake kilipopanda. Mama akafunga mlango nyuma yake.