Jiwe lenye njia chini yake

Miaka ya Zaire, mama mukwe alinipeleka milimani, nyuma ya Kirungu, na mutoto wangu wa kwanza mugongoni, ili mama yake muzee amubariki kabla hajafa. Mie ni muntu wa Kalemie, kando ya ziwa. Milima ile ya majani matupu sikuijua.

Tukafika kwenye mawe mawili yaliyosimama, na juu yao limekaa la tatu, kubwa kama kanisa. Njia inapita katikati. Nikasimama.

“Mama, hili litatuangukia.”

“Weye unavuka ziwa kwa mutumbwi, unaogopa jiwe? Njia ni hii hii. Kuzunguka ni siku nzima, na mama yangu hana siku.”

Nikamutoa mutoto mugongoni, nikamukumbatia kifuani, nikaingia. Upepo ukakatika. Nikatazama juu: mulima muzima wa jiwe umeshikwa na sehemu ndogo kama sahani! Nimeona mawimbi yakibeba mitumbwi, lakini uzito uliotulia vile sijauona tena.

Tulimukuta muzee angali hai. Akamutemea mutoto mate ya baraka kwenye paji, akaniuliza, “Umepita chini ya jiwe?”

“Nimepita. Na kurudi nitapita pale pale.”